Hesabu ya Ndege Katika Shamba la Mpunga

Ilikuwa saa moja na dakika ishirini asubuhi, kwa saa yangu, wakati mnana wa kwanza, yule ndege mdogo wa manjano, alipotua juu ya suke la mpunga katika shamba la mke wangu, na binti yangu akaandika "moja" kwenye ubao. Nasema kwa saa yangu kwa sababu saa hiyo ilikuwa na tabia zake. Tajiri wangu alinipa kama malipo ya mwaka mzima wa kazi ya mizani ya pembe za ndovu, na ilichelewa karibu robo saa kwa siku. Kila magharibi, jua lilipogusa miti ya ng'ambo ya mto Lualaba, niliirudisha kwenye kumi na mbili kamili. Kwa hiyo asubuhi bado ilikuwa na ukweli mwingi ndani yake.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mdogo wake wa kiume, mwenye miaka minane, alikaa kando yake juu ya dungu, kamba mkononi. Dungu letu lilikuwa jukwaa la miti lenye paa la majani, katikati ya shamba. Kutoka pale kamba sita zilikwenda hadi pembeni, zimefungwa vibuyu vikavu na magamba ya konokono. Ukizivuta, shamba zima hulia kama msafara unaoingia mjini. Mpunga unapoanza kuwa na maziwa, lazima mtu akae juu ya dungu kutwa hadi siku ya kuvuna, avute kamba, apige kelele, na awarushie ndege madongo kwa kombeo. Jirani zetu waliokuwa na watumwa waliweka watumwa. Sisi hatukuwa na mtumwa, kwa hiyo tuliweka watoto, na mimi nikaliita dungu lile chuo.

Haikuwa jeuri tupu. Mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Kindu alikuwa ameondoka na msafara wa pembe akisema atarudi baada ya mwezi mmoja, na mwezi huo ulikuwa na siku mia nne zilizokwishapita. Watoto wa mji wetu walibaki na mbao zao mikononi wakizitumia kukaangia kumbikumbi juani. Kaka wa mke wangu, mfanyabiashara aliyehamia Kasongo, akatuma habari kwamba atakuja na mtumbwi baada ya mavuno awachukue wawili hawa, wakasome huko na kulelewa nyumbani kwake. Mke wangu alifurahi, kwa kuwa alitaka watoto wenye elimu. Mimi sikufurahi. Nilikuwa nimewahesabu watoto waliopelekwa Kasongo kutoka mtaa wetu. Wavulana walirudi wakijua kusoma wasiyoyaelewa na kudharau waliyoyaelewa. Wasichana walikuwa watatu, na hakuna aliyerudi. Kila mmoja alikwisha kuwa mke wa mtu kabla baba yake hajajua.

Nikasema kwamba nitawafundisha mwenyewe.

"Weye?" mke wangu alisema. Alikuwa anatwanga, na hakuusimamisha mchi. "Weye ulisoma wapi?"

Lilikuwa swali la haki. Mimi sikukaa chuoni hata siku moja. Nilizaliwa upande wa Tunda, nikaja mtoni nikiwa kijana wa kubeba mizigo, na herufi nilijifunza kwenye alama ambazo makarani huandika juu ya pembe za ndovu. Baadaye nilisoma barua za tajiri baada ya yeye kuzitupa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano nilipogundua kwamba barua ya tajiri ni salamu tangu juu hadi chini, na haja yake iko katika mstari wa mwisho. Tangu hapo naamini vitu vinavyohesabika.

"Nitawafundisha kwa wanyama," nikasema. "Mnyama hakosi, hasahau, na haondoki na msafara."

"Na halipwi ada."

"Na halipwi ada," nikakubali.

Akatwanga kidogo, kisha akatoa sharti lake. Shamba lilitoa pishi mia mbili na arobaini mwaka uliopita. Watoto wakijifunza na shamba likatoa vilevile, watabaki. Likipungua, watapanda mtumbwi wa mjomba wao. "Unasema watafundishwa kazini," alisema. "Basi kazi isipotee." Nikaliona sharti hilo kuwa rahisi sana, nikalikubali bila kubishana, jambo ambalo lingenitia shaka kama lingefanywa na mtu mwingine.

Masomo ya kwanza yalikuwa na matatizo madogo. Tulianza na jongoo, kwa ajili ya hesabu. Mwanangu alipata idadi mpya ya miguu kila alipohesabu, na jongoo hakukubali kusimama. Tukaenda kwa kinyonga, lakini jirani walisema nikimleta karibu na nyumba watahama, au nitahama mimi. Tulipata tumbo la mbuzi, nikaanza kueleza vyumba vyake vinne, na tulipofika chumba cha pili mke wangu alilichukua akalipika. Ndipo nikaona kwamba shule inayofaa ilikuwa tayari imejengwa, ina paa, ina wanafunzi, na wanyama huja wenyewe.

Niliwapa watoto kanuni, na nilizitamka polepole ili wazishike. Usimsumbue mnyama anapokula, maana ukimsumbua unajifunza woga wake tu. Usimrushie kitu kabla hujamhesabu. Andika ulichoona, usiandike ulichoambiwa. Kisha nikashuka kwenda bandarini kupima pembe, nikiwa na furaha ya mtu aliyepanga jambo vizuri.

Jioni walinisomea ubao. Siku ya kwanza walikuwa na ndege arobaini na mmoja. Siku ya pili sabini na wanne. Siku ya nne walipita mia moja, na kwa kuwa nilikuwa bado sijawafundisha kuandika mamia, nikawafundisha usiku huohuo. Siku ya saba ubao ulisema mia tatu na tisini. Kila jioni nilinakili hesabu katika daftari langu, kisha ubao ukaoshwa kwa ajili ya kesho. Nilimwonyesha mke wangu daftari. Nikamwambia kwamba sijapata kuona watoto ambao hesabu yao inakua kwa kasi namna hiyo.

"Mungu awazidishie," alisema.

Akawazidishia. Siku ya tisa walikuwa mia tano na ishirini.

Siku ya kumi ilikuwa Ijumaa, mizani haifanyi kazi, nikamwambia mke wangu twende pamoja shambani akawaone wanafunzi wangu. Tulipita njia ya kijito. Tulipokaribia nikamshika mkono ili asimame.

"Unasikia utulivu huu?" nilimnong'oneza. "Hawa ni watoto wawili, na hawapigi kelele. Hiyo njo elimu."

Alisikiliza. "Miye nasikia kitu kinakula," alisema.

Tukatoka kwenye matete, tukaliona shamba. Lilikuwa na rangi ya manjano kuliko inavyopasa mpunga wa wakati ule, na manjano hiyo ilikuwa inatikisika. Mwanangu alituona kwanza. Akaweka kidole midomoni kumwonya mama yake anyamaze. Binti yangu hakugeuka.

"Mama, usiwashitue," alisema kwa sauti ya chini. "Niko kwenye mia sita na arobaini."

Sikupata kumwona mke wangu akipanda ngazi ya dungu kabla ya siku ile, wala baada yake. Alikusanya kamba zote sita akazivuta kwa pamoja. Shamba likalia, minana wakanyanyuka kama mkeka unaokung'utwa, na chini yao masuke yakabaki yamesimama wima, mepesi, hayana kitu.

"Mbona hamukuvuta kamba?" aliuliza.

"Baba alisema tusimusumbue mwenye kula," binti yangu alijibu.

"Hizi kamba kazi yake nini?"

"Tunavuta, mama," alisema mdogo wake. "Tunavuta kila tukimaliza kuhesabu."

"Na munamaliza saa ngapi?"

Mtoto alifikiri kwa uaminifu. "Bado hatujamaliza."

Mke wangu akanitazama kutoka juu. Mimi nilikuwa na daftari mkononi, nimelileta ili anione nikilijaza. Nililifungua nikasoma tena: arobaini na mmoja, sabini na wanne, mia tatu na tisini. Nilisoma taratibu, kama nisomavyo barua ya tajiri, na safari hii haja ilikuwa katika kila mstari. Hesabu ya watoto haikukua hata kidogo. Siku ya kwanza walijua kuhesabu, na siku ya kumi walijua vilevile. Waliokua ni ndege.

"Mwalimu," alisema mke wangu, na hilo lilikuwa jina ambalo hakupata kuniita. "Kaka yangu atafika baada ya wiki tatu. Tuwafungie watoto wako mizigo, ama tungoje mwali wako amalizie kuhesabu?"

Nilikaa chini ya dungu. Nilikuwa natafuta njia ya kusema kwamba kanuni zilikuwa sahihi na shamba ndilo lililokosea, na nilikuwa karibu kuipata, wakati binti yangu aliposhuka akasimama mbele yangu.

"Baba, pembe ile haikuliwa," alisema.

"Pembe ipi?"

"Ile ya njiani. Hata suke moja halikuliwa. Kila siku hawaendi pale."

Tulikwenda wote wanne. Kweli, pembe ya kusini, pale njia ya watu ilipopita na pasipokuwa na majani marefu, mpunga ulikuwa mzito, umeinama. Nikamuuliza kwa nini. Akasema mnana haanguki kwenye mpunga kutoka juu. Hutua kwanza kwenye matete ya kijito, anakaa, anatazama chini, mwenzake anakuja, na wakiwa wengi ndipo wanashuka. Wakishtuka hurudi kwenye matete yaleyale. Pale njiani hakuna pa kukaa, kwa hiyo hawashuki.

"Tangu lini unajua haya?"

"Tangu siku ya pili."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza wanakaa wapi," alisema. "Uliuliza wangapi."

Mke wangu hakungoja nilitie jambo hilo daftarini. Alikwenda nyumbani akarudi na mapanga mawili, na hadi alasiri tulikuwa tumeyafyeka matete yote ya kijito upande wetu. Kesho yake nilimwomba tajiri ruhusa, nikapanda dunguni mwenyewe. Minana walikuja kwa wakati wao. Walizunguka mahali palipokuwa na matete, wakazunguka tena, kama watu waliorudi safari wakakuta nyumba imeng'olewa. Watoto wakavuta kamba. Ndege wakaenda zao, na waliotua hawakuzidi arobaini na watatu. Siku iliyofuata walikuwa kumi na wawili. Binti yangu aliwahesabu baada ya kuwafukuza, kwa kumbukumbu. Kanuni ya pili tuliigeuza bila mjadala.

Walienda shamba la jirani yetu wa chini ya kijito. Huyu alikuwa mtu wa misafara, mwenye mashamba makubwa, na alikuwa na watumwa wawili juu ya dungu lake. Alipokuja kwetu siku ya tatu alikuwa amekwisha kuwachapa wote wawili, watu wasio na kosa ila kuwa chini ya kijito chetu. Hilo sikuliandika katika daftari wakati ule. Naliandika sasa.

"Karani," alisema baada ya salamu ndefu, "dawa yako kali."

"Sina dawa, bwana. Tumefyeka matete."

Alicheka kwa adabu. "Miye pia nina matete. Babu yangu alikuwa na matete. Watu wangu wanasema watoto wako wanakaa juu, hawasemi, wanaandika, wanaandika. Jioni munaosha ubao. Yale maji munayapeleka wapi?"

Hapo ndipo nilipofahamu. Kwetu mgonjwa huandikiwa maneno matakatifu kwenye sahani au ubao, yakaoshwa, na maji yake, ndiyo kombe, akanywa. Jirani yangu aliona mbao zinaandikwa kutwa na kuoshwa jioni, akafikia jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angefikia. Nikamweleza kwamba ubaoni hamkuwa na aya wala dua, bali idadi ya ndege tu, na kwamba maji yale tuliyamwaga kwenye migomba.

"Kwenye migomba!" alisema kwa uchungu, akamgeukia mke wangu. "Mama, nitatoa doti mbili."

Doti mbili, yaani mikono kumi na sita ya merikani, ile nguo ya pamba tuliyotumia kama fedha, zilikuwa bei ya pishi ishirini na nne za mpunga. Mke wangu alinitazama, na niliona anafikiri.

"Bwana," nilisema, "nasema mbele ya mashahidi kwamba ni maji na wino wa masizi. Fyeka matete, ni bure."

"Karani iko na wivu na dawa yake," alimwambia mke wangu.

"Njo tabia yake," mke wangu alimjibu. "Lakini haya maji yana masharti."

"Masharti gani?"

"Usimwage hata tone moja mpaka matete yote ya kijito, upande wako, yawe chini. Likibaki tete moja, yatalala. Na watu wako wa dungu usiwapige tena, hata kofi moja. Yatalala vilevile."

"Hayo njo maneno!" alisema jirani, na uso wake ukafunguka. Nilipompa shauri hilo bure hakulitaka. Lilipokuja kama sharti la dawa alikwenda nalo mbio, na kabla ya adhuhuri ya pili hapakuwa na tete lililosimama kwake. Kisha akanyunyiza maji yaliyokuwa na wino wa hesabu ya siku hiyo. Ndege waliondoka. Yaliyosifiwa ni maji.

Ninajua mtu anayesoma haya ataniuliza kwa nini sikukataa. Nilikataa mara tatu, waziwazi, na kila nilipokataa, mteja mpya aliyetaja doti moja alipanda nusu doti, hadi mke wangu akaniomba nisije tena watu wanapofika. Maana wenye mashamba wengine watatu walifuata, mmoja baada ya mwingine, kadiri minana walivyosogea kuelekea chini ya mto. Kila mmoja alipewa maji na masharti yote mawili, na kila mmoja alilipa doti moja na nusu. Baadaye nilisikia kwamba mwaka huo mpunga ulipungua sana Lokandu, chini zaidi ya mto. Sikuuliza zaidi.

Shemeji yangu alifika siku tuliyomaliza kupura. Alikaa kwenye kiti changu, na mbele yake mpunga ukapimwa pishi kwa pishi. Mke wangu alishika kipimo, nami nikaandika. Watoto walisimama ukutani. Binti yangu hakutazama mpunga. Alikuwa anatazama mtumbwi ulioonekana kati ya nyumba, na mkono wake ulishika wa mdogo wake kwa nguvu hata mtoto akalalamika.

Zilikuwa pishi mia moja hamsini na sita.

"Basi," alisema shemeji, "habari nimezipata bandarini. Mia mbili na arobaini hazikufika. Mizigo ya watoto iko wapi?"

"Ngoja, kaka," alisema mke wangu. "Hesabu haijaisha. Zimepungua ngapi?"

Shemeji alianza kwa vidole, maana alikuwa mfanyabiashara mzuri na hakuamini kichwa chake.

"Thamanini na nne," alisema binti yangu kutoka ukutani. "Kwa pishi kumi na mbili doti moja, ni doti saba."

Shemeji aliendelea na vidole vyake hadi mwisho. Vilipofika kwenye saba alimtazama mtoto, kisha akanitazama mimi, kana kwamba mmoja wetu amemwibia kitu.

Mke wangu aliingia ndani, akatoka na nguo za maji. Akazikunjua juu ya mkeka: mbili za jirani, na nne na nusu za wale watatu. "Doti sita na nusu," alisema. "Sharti lilikuwa shamba lisipungue. Hizi zimetoka shambani, kwa kazi ya hawa."

"Bado nusu," alisema shemeji.

"Bado nusu," mke wangu alikubali, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye neno lake ni neno. Akanigeukia. Alilitazama kasha langu.

Ndani ya kasha nilikuwa na kitambaa kipya cha merikani, mikono minne, nusu doti kamili. Nilikuwa nimekiweka miaka miwili kwa ajili ya kilemba. Katika mji wetu mtu mwenye elimu hujulikana kwa kichwa chake kutoka mbali, na mimi, ambaye sikukaa chuoni, nilitaka nijulikane walau nikipita. Nilikitoa, nikakiweka juu ya zile nyingine. Kilikuwa cheupe kuliko zote.

"Mwalimu hana kilemba!" alisema shemeji akicheka. "Nani atamsalimia?"

"Ndege hawaangalii kichwa," alisema mke wangu. "Kula, kaka. Kesho maji ya mto yatakuwa mazuri kwa safari yako."

Aliondoka peke yake, na magunia mawili ya mpunga aliyonunua kwetu kwa bei ya siku ile. Jioni binti yangu aliomba daftari, akasema kuna mstari haujafungwa. Nikampa kalamu. Aliandika hasara yote ya mwaka wetu wa kwanza wa masomo, baada ya kutoa na kujumlisha: merikani, mikono minne.